Fisi Aliyeijua Bahari

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Bahari ipo?"

"Ipo!"

"Na Fisi yupo?"

"Hatumwoni!"

Haya, sikilizeni mjue alikokwenda.

Bi Kaa alikuwa na watoto saba. Kila maji yakipwa, Fisi alishuka pwani, akachimba, kwaru! kwaru! akala mmoja. Akabaki kitinda mimba peke yake, na moyo wa mama ukawa kidonda.

"Bwana Fisi," Bi Kaa akasema, "huyu mdogo, hata jino halitamsikia. Jenga nyumba hapa kwanza. Siku ya kuhamia umle, iwe karamu."

"Na maji, we Kaa?"

"Fuata mstari wa mwani mkavu. Maji hayapiti hapo."

Fisi ni mlafi, lakini si mjinga. Akakaa, akatazama. Maji yakaja, shwaa! Yakaishia chini ya mwani. Akangoja mwezi mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote. Shwaa! Yakaishia kwenye mwani. Akangoja kusi, akangoja kaskazi, mwaka mzima. Shwaa! Kwenye mwani.

"Bahari naijua!" akacheka. Akaanza kujenga kwa mawe, mlango ukitazama majini.

Bi Kaa hakucheka. Zamani bibi yake alimwonyesha makombe ya chaza makuukuu juu kabisa, vichakani. "Kuna miaka bahari hupata homa, ikavimba. Mama yako hakuona mwaka kama huo. Wewe labda." Mwaka gani? Bibi hakujua. Bi Kaa naye hakujua, akaogopa sana. Kila asubuhi alitumbukiza gando majini. Baridi. Fisi akapandisha ukuta. Baridi. Fisi akaezeka. Vuguvugu. Samaki wakahama.

Siku ya kuhamia ikawa ya bamvua. Gando likaungua.

"Mlete!" Fisi akaita kutoka ndani.

"Naja, bwana, namwosha!" Bi Kaa akambeba mwanawe, mbio hadi vichakani.

Maji yakaja, shwaa! Yakafika kwenye mwani. Yakapita.

"We Kaa! Maji yamepotea njia!"

"Tulia, bwana! Si unaijua bahari?"

Gubu! Gubu! Maji yakajaa mlangoni, Fisi akafa maji.

Maji yalipokupwa, matumbawe yalikuwa meupe, yamekufa kwa joto, na chakula hakuna. Mama na mwana wakamla Fisi. Bi Kaa alitafuna huku analia, maana wale sita waliishia tumboni mle mle.

Ngano yangu imekupwa, ikijaa ni zamu yako. Na funzo, wanangu: ukitaka kujenga pwani, tazama maji mwaka mmoja tu, unatosha. Nyumba ya Fisi bado ipo, kuta nzima, mlango wazi. Nani anahamia?