Kinyonga na Kipimo cha Mzambarau

Paukwa!

Pakawa!

Walio macho na wasinzie kidogo, wanaosinzia na wasikie.

Hapo zamani za kale, majani yalipokuwa mengi kuliko maneno, palikuwa na kijisitu cha mizambarau. Humo aliishi Shore, ndege mwenye kishungi, na kiota chake. Ngedere hakumpenda. Akasema Shore ni mwizi wa zambarau, afukuzwe. Shore akajitetea kwamba zambarau hudonoa chache tu, ila viwavi hula siku nzima, na viwavi wakiachwa, mti haukui.

Wanyama wakamtuma Kinyonga achunguze. Kinyonga alikuwa mtafiti, jicho moja huku, jicho jingine kule. Akachagua mzambarau mmoja mchanga. Shore akakatazwa kuugusa. Naye Kinyonga akaapa hatakula hata kiwavi mmoja wa mti ule. Akalizungushia shina mkia wake, kupima unene. Mkia ukazunguka mara tatu.

Mvua ikaja, chururu, chururu, chururu. Kinyonga akakaa tawini, kijani ndani ya kijani, hata asijue yeye anakoma wapi na jani linaanzia wapi. Usingizi ukamchukua pole pole. Akaota anakula. Pwap! Akaota tena. Pwap! Kila alipoamka alikuwa ameshiba, akadhani ni utamu wa ndoto.

Msimu ukaisha. Akapima. Mkia ulizunguka mara mbili tu, maana shina lilikuwa limenenepa. Akatangaza kwamba viwavi hawana neno. Shore akafukuzwa siku hiyo hiyo, na mayai matatu aliyokuwa ametoka kutaga akayaacha kiotani.

Viwavi wakajaa, kwaru, kwaru, kwaru. Miti ikadumaa, majani yakabaki mishipa mitupu. Ulistawi mmoja tu, ule alikokuwa akilala Kinyonga. Akashangaa. Akalala, akaota anakula. Pwap! Safari hii kiwavi alikuwa wa manyoya. Yakamchoma ulimi, akaamka. Nusu ya kiwavi ilikuwa bado mdomoni.

Aibu ilimpitisha rangi zote alizonazo. Siku hizo Kinyonga alikuwa na mbio. Akakimbia siku saba mpaka kwa Shore, akamweleza yote bila kuficha.

Shore akamuuliza:

"Mzee Kinyonga, macho yako yanatazama kote. Hata moja halikukuona wewe?"

Kinyonga akamwomba arudi. Shore alirudi, akala viwavi, miti ikachipua tena. Lakini mayai matatu yalikuwa yamepoa, na hayakuanguliwa kamwe.

Tangu siku hiyo Kinyonga hakimbii. Huinua mguu, akasita, akajitazama, ndipo akanyaga.

Basi anayepima mambo ya wenzake, na ajihesabu na yeye. Hadithi yangu imeishia hapo, tawini. Aliyelala aamshwe pole pole.