Kiboko Aliyetaka Kuenea Kwenye Runinga

Paukwa!

— Pakawa!

Hee! Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba wali? Itikieni vizuri. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na kituo cha runinga, mlango wazi. Mwenyewe nani?

— Mwenyewe ni sote!

Haya, hapo sawa. Na wewe, kunja mguu wako huo, mwenzio naye apate pa kukaa.

Hapo zamani za runinga, na msinicheke, runinga nayo ina zamani zake, wanyama walijenga kituo chao. Tembo alibeba mawe. Mchwa walikandika kuta. Buibui alisuka nyaya. Twiga alisimama na antena mpaka ikakaa. Kiboko je? Kiboko alikuwa mtoni. Alipoitwa alisema maji ya leo ni matamu, atakuja kesho.

Kikawa kituo cha wote. Mwenye wimbo aliingia akaimba. Mwenye kichekesho aliingia akachekesha. Vyura walikuwa na kwaya yao. Bibi Kobe alikuwa na kipindi cha ngano, na kwa jinsi anavyosema polepole, ngano moja ilimaliza mwezi, wala hakuna aliyelalamika. Hata Nungunungu, ambaye nani angekubali kukaa naye ubavuni, aliitwa afundishe kusuka ukili wa mikeka, na watu wakasema kumbe huyu ni mtu wa maana, tulikuwa hatumjui tu.

Na palikuwa na desturi moja. Kila jioni, kabla ya kwaya, kabla ya kitu chochote, lilitangulia tangazo la watoto waliopotea. Watu wote wako uwanjani mbele ya kioo kikubwa. Mtoto akitajwa, kila mmoja anakwenda kuchungulia nyuma ya nyumba yake. Mtoto anapatikana kabla ugali haujaiva.

Mpiga picha alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kile kinyama cha kwenye mawe, kifupi, hakina mkia, ukikiona unauliza hiki nacho nini. Lakini mdomo sasa! Aliponyimwa mkia aliongezewa mdomo.

Miaka ikapita. Siku moja, gudu! gudu! gudu! Kiboko huyo. Hodi hakupiga. Akajisukuma mlangoni, mlango ukalia kacha! Akaketi mbele ya kamera, akavuta sinia la mihogo waliyoletewa wafanyakazi, nyam nyam nyam, likabaki sinia.

"Pimbi!"

"Naam, mkubwa."

"Nani mkubwa kuliko wote hapa?"

"Ni wewe, mkubwa. Hata mlango umeona."

"Basi kuanzia leo nitaonekana mimi tu. Kiboko anakula. Kiboko anapiga miayo. Kiboko amelala. Bibi Kobe na ngano zake akapumzike."

Nani angemtoa? Akaonyeshwa. Kila jioni akaja na mihogo mdomoni, akiimwaga njia nzima kutoka mtoni. Watu uwanjani wakatazama tumbo. Leo tumbo. Kesho tumbo. Keshokutwa shavu, halafu tumbo tena.

Jioni moja akaingia Mama Kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Anahema, mabawa yamemlegea.

"Jamani, simwoni mwanangu! Kitindamimba wangu, Chechele. Nimeita mpaka sauti imekauka. Nitangazieni, nawaomba. Jua linazama, na Mbweha mnamjua."

Kiboko hakugeuza hata shingo. "Pisha. Unaniziba."

"Baba, ni mtoto."

"Niko hewani! Pimbi, mtoe huyu."

Mama Kanga akaangua kilio. Pimbi akamtazama, roho ikamuuma. Yeye mwenyewe alipotea utotoni, akarudishwa kwa mama yake na tangazo la kituo hiki hiki. Ndiyo sababu alikuja kufanya kazi pale, na ndiyo sababu hakuondoka.

Akamsogelea, akamnong'oneza: "Nenda uwanjani, mama. Kaa mbele ya kioo, usibanduke." Kisha akakohoa. "Mkubwa, samahani. Kuna jambo linaniumiza."

"Jambo gani?"

"Huenei."

"Mimi sienei?"

"Kioo kinachukua tumbo tu, mkubwa. Masikio yako hakuna anayeyajua. Mkia wako mzuri ule, hakuna aliyeuona. Watu wanaulizana, hili tumbo la nani? Wengine wanasema la Nguruwe."

"La Nguruweee!" Kuta zikatetemeka. "Fanya nienee sasa hivi!"

"Rahisi tu. Rudi nyuma kidogo."

Kiboko hakugeuka, maana uso lazima ubaki kwenye kamera. Akaenda kinyumenyume. Gudu.

"Nimeenea?"

"Bado, mkubwa. Mashavu. Rudi nyuma kidogo."

Gudu, gudu. Mlango kacha! Yuko nje. Pimbi huyo na kamera begani.

"Nimeenea?"

"Bado, mkubwa. Mkia. Rudi nyuma kidogo."

Gudu, gudu, gudu, wakaishika njia ya mtoni. Na kila Kiboko akirudi nyuma, kwenye kioo anapungua, na dunia inarudi. Watu wakaona vichaka vyao. Wakaona njia yao. Ghafla, katikati ya miguu ya Kiboko, kule nyuma yake, wakaona kitu kidogo kinadonoa makombo ya mihogo. Do! Do! Do!

"Mwanangu!" Mama Kanga akaruka. "Chechele wangu yule!"

Na mguu wa Kiboko ushanyanyuka juu ya kichwa cha mtoto. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Simamaaa!" Lakini kioo kina masikio?

Pimbi naye ameona. Akimwambia Kiboko kuna mtoto, Kiboko atasema mtoto ananiziba. Akapaza sauti: "Mkubwa, umeenea! Hapo hapo! Usitikisike! Panua kinywa, tabasamu lifike kwa ndugu zako wote!"

Kiboko akaganda. Mguu juu, kinywa wazi kama pango. Chechele akautazama ule mguu, akaona ni paa la nyumba, akaendelea na makombo yake. Prrrrr! Mama Kanga akafika, akapita chini ya tumbo, akamkumbatia mwanawe.

"Mguu unaniuma," Kiboko akasema, kinywa wazi.

"Vumilia, mkubwa, unapendeza. Sasa picha ya mwisho. Rudi nyuma kidogo."

Gudu. Gudu. Chubwi!

"Nimeeneaaa?"

"Umeenea kabisa! Kaa hapo hapo, toa macho na pua. Ukiniona narudi, panua kinywa."

Jioni ile ile Mama Kanga alisimama mbele ya kamera, mtoto kifuani. "Sina cha kuwaletea," akasema. "Nina asante. Tembo, asante kwa mawe. Mchwa, asante kwa kuta. Twiga, asante kwa kusimama siku nzima. Mlidhani mnajenga nyumba ya nyimbo. Mlikuwa mnamjengea mwanangu njia ya kurudi nyumbani." Kisha Bibi Kobe akaingia, akakaa, akasema: "Basi, kama nilivyokuwa nikisema..."

Kiboko je? Yuko mtoni mpaka leo, macho na pua tu. Akimwona mtu anapita anadhani ni Pimbi, anapanua kinywa chote.

Mnataka funzo? Haya. Watoto, msitembee ovyo mkiokota makombo, ingawa Chechele asingeokota, hata mimi nisingekuwa na la kusema leo. Na mkubwa akitaka kuonekana, msimnyime, ni utovu wa adabu. Mwonyesheni. Mwambieni tu arudi nyuma kidogo.

Ngano nimeitua. Iliyokolea, laleni nayo. Iliyochacha, mpelekeeni Kiboko, kinywa kiko wazi.