Kila Dawa na Mlango Wake

Mwaka wa 1957, wakati wa kipupwe, ukungu ukiwa bado umelala juu ya milima ya Usambara, ulizaliwa kijijini kwetu Kwezindo msemo huu: kila dawa na mlango wake. Mama yenu aliusema asubuhi ya leo alipomnyang'anya Tatu mafuta ya kuchua aliyotaka kuyalamba, nanyi mkaniuliza asili yake. Kaeni vizuri basi, na asiyeweza kunyamaza akachambue maharage. Methali hii ilianza hivi.

Siku ya arusi, watu wa Kwezindo walikuwa na desturi ya kulinda mlango. Bwana arusi alipofika na watu wake, aliwakuta ndugu wa bibi arusi wamejipanga kizingitini, na mwimbaji wao mbele. Pande mbili hizo zilitupiana nyimbo za kejeli mpaka wageni wakubali kuomba njia kwa adabu. Nyumba iliyokosa mwimbaji iliingiwa tu kama banda la mbuzi, na msichana aliyetolewa humo aliitwa "wa bila mlango" mpaka akapata wajukuu.

Sikudhani alikuwa anaolewa siku ya Ijumaa. Mwimbaji wa nyumba yao alikuwa shangazi yake, Mwantumu, ambaye hakuwahi kushindwa mlangoni. Jumatatu ya juma hilo Mwantumu aliamka na mafua makali. Kifua kilikuwa kimembana, na kila alipojaribu kusema alikwaruza kama msumeno uliokwama kwenye fundo la mti. Sikudhani alipomsikia alijifungia chumbani akalia.

Habari zikafika upande wa pili. Kaoneka, mwimbaji wa bwana arusi, akatuma salamu: "Mwambieni shangazi alale. Mlango nitajifungulia mwenyewe."

Ndipo akaitwa Bibi Mwajabu, mkunga wetu, aliyejua majani kuliko mtu yeyote kijijini. Yeye aliagiza majani ya mkaratusi, mti ambao kiangazi hakiuvui nguo. Majani yake ni mabichi mwaka mzima. Aliyachemsha machache, akaitua sufuria mbali na moto, kisha akamfunika Mwantumu blanketi.

"Fumba macho, uvute polepole kwa pua," alisema. "Joto likizidi, funua upumue. Nimekuja kufukiza mafua, sikuja kupika shangazi."

Watoto wadogo aliwatoa nje. Alisema mvuke ule ni mkali mno kwa vifua vyao, na kwamba maji ya moto hayamjui mtoto wa mtu. Kabla ya kuondoka aliagiza wazi: mvuke asubuhi na jioni, na maji yake asiyanywe mtu.

Jumatano Mwantumu alikuwa akipumua vizuri, lakini sauti bado ilikuwa ya kunong'ona. Mume wake, Hozza, hakuweza kuvumilia. Alikuwa mpasuaji mbao, na kwa mpasuaji mbao, chombo kikali ndicho chombo. Kazi ikienda polepole, kosa ni la msumeno butu. Basi kule shimoni alikopasulia magogo alijaza majani na maji kwenye debe, akalifunika na kulichemsha, akakinga matone yaliyotoka kwenye kifuniko. Juu ya maji hayo yakaelea mafuta. Akayaengua, akayatia chupani, akaja nyumbani akitembea kama mtu aliyeua chui.

"Mke wangu, mvuke wa Bibi unapiga hodi tu. Haya yanaingia mpaka chumbani."

"Umemwuliza?" alinong'ona Mwantumu.

"Nimwulize nini? Ikiwa harufu yake imekufungua pua, mafuta yenyewe yatakufungua mpaka visigino."

"Basi anza wewe, tuvione visigino vyako."

"Naanza. Mume huonja kwanza." Akapiga funda moja.

Aliketi ghafla. Koo na tumbo viliwaka moto, macho yakamtoka machozi, na alipojaribu kusimama aliyumba akashika ukuta. Mwantumu alitaka kumtia kidole kooni ili atapike. Bibi Mwajabu, aliyekuwa anakuja kwa ajili ya mvuke wa jioni, akaushika mkono wake.

"Usimtapishe. Mafuta yakirudi juu yataingia mapafuni. Wewe, mume wangu, umekunywa kiasi gani?" Bibi alizoea kumwita Hozza mume wake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu.

Hozza alijibu kwa shida, "Funda moja."

"Msimwache alale. Leteni machela. Na chupa hiyo nipeni, tabibu aione."

Ndugu zake walimbeba mpaka zahanati iliyo bondeni. Bibi Mwajabu aliteremka mteremko ule wote nyuma yao, akimwita jina na kumtukana kwa upole kila alipofumba macho, maana alijua kuwa akizama usingizini huenda asirudi. Tabibu alinusa chupa, akamlaza na kumwangalia usiku kucha. Alisema wazi kuwa funda lile lingetosha kumwua mtoto.

Kulipokucha Hozza alifumbua macho, kichwa kikimwuma lakini akili imetulia. Akauliza, "Bibi, kwani si mti uleule?"

"Mti ni uleule," alijibu Bibi Mwajabu. "Hata bwana arusi ni yuleyule. Akipita mlangoni ni mkwe, hupewa kiti. Akipita dirishani ni mwizi, hupigwa. Mkaratusi hupita puani ukiwa mvuke. Wewe umeupitisha dirishani. Kila dawa na mlango wake."

Tabibu alicheka mpaka akavua miwani.

Ijumaa alasiri Kaoneka alifika na ngoma zake, akaimba kwamba amekuja kuchukua mke kwa mabubu. Mwantumu, aliyekuwa amefukizwa asubuhi ile kwa mara ya mwisho, alifungua kinywa. Sauti ilitoka safi, ikavuka ua. Alimwimba Kaoneka tumbo lake, akamwimba na ngoma yake iliyopasuka. Vijana wa bwana arusi waliponyatia mlango wa jikoni, aliwageuzia wimbo mpya: kila dawa na mlango wake, anayepita jikoni atahesabiwa pamoja na paka. Wanawake wakaudaka wakauitikia, na Sikudhani alisikika akicheka huko ndani. Mwishowe Kaoneka aliweka ngoma chini.

"Shangazi, tumeshindwa. Tunaomba njia."

Vigelegele vilikuwa havijatulia alipotokea Hozza. Mgongoni alikuwa amembeba Bibi Mwajabu, ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba tangu siku ya mteremko, hata asiweze kutembea. Hozza alikuwa amemfuata nyumbani kwake akamwambia, "Ulinifuata kwa miguu yako. Leo nalipa kwa yangu."

"Mwantumu, mke mwenzangu, mtazame mume wetu," alisema Bibi kutoka juu. "Wewe aliwahi kukubeba?"

Watu waliangua kicheko. Hozza, jasho likimtiririka, akakata kona kuelekea jikoni, kwa kuwa huko ndiko karibu. Bibi Mwajabu akamvuta sikio.

"Unakwenda wapi? Kila dawa na mlango wake."

Hozza akageuka, akazunguka nyumba yote, akapita mlango wa mbele katikati ya wageni, akamtua bibi yetu mkekani, mahali pa heshima.