Kinanda cha Ninga

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake, liko jambo ambalo likishaharibika, hata uwaite mafundi wa dunia nzima, halirudi. Jambo moja tu wahenga hawakulisema, nalo ni nani aliyeyamwaga. Mara nyingi huwa ni mwenye ofisi, na anayetumwa kuyazoa ni mnyonge.

Palikuwa na fundi redio ambaye mkewe alipiga kinanda cha umeme katika bendi ya ukumbi mmoja wa starehe. Watu walimwita Ninga, hata jina la kwao likasahaulika. Kinanda chake kilikuwa kizee, kizito kama kabati, na kikishapata moto sauti zake zilipanda na kushuka zenyewe. Kwa hiyo kila wimbo ulipokwisha, Ninga alikiinamia, akazungusha vifundo vyake polepole huku akiimba mdomo umefumbwa, mpaka sauti yake na ya kinanda zikapatana. Watu walingoja.

"Kinanda hiki kama mume wangu," aliwaambia siku moja. "Hakisemi kweli mpaka kipate moto."

Ukumbi mzima ulicheka. Fundi, aliyekaa kando ya spika na bisibisi mfukoni, alicheka kuliko wote.

Kisha Ninga akaugua, akalazwa. Huku nyuma Meneja wa ukumbi akataka jukwaa lipendeze macho ya wakubwa wake. Akaagiza kinanda kipya kinachong'aa, na kile kizee kikaegemezwa ukutani uani, kikanyeshewa. Ninga alirudi amekonda kama uzi, akakikuta mbao zimevimba na ndani kutu tupu.

"Dunia inakwenda mbele, mama," Meneja alimwambia, macho kwenye simu.

"Ungeuliza kwanza kama sote tumeshapanda," Ninga akamjibu.

Hakupiga tena. Mvua zile hazijakatika, akafa.

Miaka ikapita. Vijana wakaunda bendi ya kuzipiga upya nyimbo za zamani kwa kuwaenzi waliotangulia, na aliyeshika kinanda alikuwa binti wa dada yake Ninga. Meneja, yule yule, akafika kibandani kwa Fundi.

"Watu wanataka sauti ile yenyewe," alisema. "Kinanda cha siku hizi kina kompyuta ndani, kinaiga chochote. Sikio la ile sauti unalo wewe."

"Ile uliyoiacha inyeshewe?"

"Yaliyopita si ndwele, mzee wangu."

"Si ndwele kwa ambaye hakuzika."

Hata hivyo alikubali, shingo upande. Hakukubali kwa ajili ya Meneja. Uso wa mkewe aliukumbuka, vidole vyake pia, lakini sauti yake ilikuwa imemtoka sikioni, na jambo hilo lilimtafuna kama mchwa. Alidhani kinanda kikilia kama kilivyolia, sauti ya Ninga nayo itarudi.

Wakaketi kibandani, yeye na binti, na kaseti moja iliyosalia. Nyingine zote za ukumbi zilikuwa zimefutwa ili zirekodiwe hotuba za wakubwa.

"Punguza ukali, mwanangu. Hiyo inalia kama kengele ya shule. Ile ilikuwa kama mtu anayeamka usingizini."

"Hivi, baba mdogo?"

"Itetemeke kidogo. Kidogo, nimesema. Sasa umeitia homa."

Binti akacheka, akarekebisha. Siku baada ya siku waliongeza hiki, wakapunguza kile, hata ule mkwaruzo wa kinanda kikiwashwa wakaupata. Ungefumba macho ungeapa ni chenyewe. Lakini Fundi alitikisa kichwa. Kuna kitu kimepungua.

Wakairudisha kaseti mpaka pale wimbo unapokwisha. Hapo wakaisikia, chini kabisa, sauti ya mtu aliyefumba mdomo.

"Baba mdogo," binti alisema taratibu, "tunachokitafuta si kinanda. Ni mama mdogo."

Fundi alikuwa ameinamia spika. Lakini juu ya sauti ile palikuwa na nyingine, nene na yenye furaha: Meneja akiwakaribisha wageni wa heshima, jina baada ya jina. Binti alijaribu kuifuta kwa kompyuta. Kila alipomfuta Meneja, Ninga naye alifutika.

"Basi, mwanangu, acha," Fundi alisema. "Ila siku ya onyesho, kabla ya wimbo wa mwisho, nipeni kimya. Kiinamie kama alivyokipatanisha yeye."

"Hiki hakiharibiki sauti, baba mdogo."

"Najua. Kiinamie tu."

Siku ilipofika ukumbi ulifurika. Kinanda kilipolia, watu wazima walitoa vitambaa wakajifuta macho. Wimbo ukaisha. Binti akakiinamia kinanda, bendi ikatulia, ukumbi ukawa kimya kama maji ya mtungini. Fundi, kando ya spika, akafumba macho. Kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili, kitu kikaanza kumjia. Akainamisha kichwa kukipokea.

"Msiwe na wasiwasi, umeme upo," sauti nene ikavuma. Meneja alikuwa amepanda jukwaani, amenyakua kipaza sauti. "Wakati tunangoja, niwatambue wageni wetu wa heshima."

Majina yakafuata. Fundi akafumbua macho. Binti alikuwa akimtazama, mikono imelegea mapajani.

Fundi akanyanyuka, akatoka kwa mlango wa uani, akasimama pale ukutani ambapo kinanda kiliegemezwa. Alijaribu kufumba mdomo na kuimba, akatoa sauti yake mwenyewe tu, ya kizee, iliyokauka. Ndani wakapiga makofi. Meneja alikuwa akipongezwa kwa kuirudisha sauti ya Ninga.

Naam, maji yakimwagika hayazoleki, hata kama aliyeyamwaga ndiye anayekuletea ndoo.