Mgongo wa Milembe

Mama yenu alipomwambia mwenzenu Kija asubuhi, "Mgongo hutangulia, mkono hupokea," mlidhani anazungumzia kubeba kuni? Niliwasikia mkibishana pale jikoni. Methali hii haikutoka porini wala shambani, wajukuu zangu. Ilitoka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, hapa hapa Mwanza, na ilianza hivi.

Nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, mashine namba kumi na nne, ile iliyokata nyuzi kila mvua iliponyesha. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake. Karibu sote tulikuwa tumecheza mpira wa pete shuleni, na huko ukimgusa mwenzako tu filimbi inalia. Tukaingia kwenye kikapu na adabu ile ile. Mpira ukigonga chuma na kurudi, wenyewe wanaita ribaundi, sisi tulisogea nyuma hatua moja, tukainua mikono, tukaungoja ushuke. Wanawake wa timu ya reli walipita mbele yetu wakauchukua. Mwaka ule walitufunga mara tatu.

Kocha Deusi aliona dawa ni urefu. Akaniweka mimi chini ya kikapu, maana hata mlango wa stoo niliupita nimeinama. Kila jioni ikawa ni kuruka. Magoti yakavimba, na ribaundi hatukuzipata.

Sasa, kulikuwa na Milembe wa chumba cha kukunjia vitambaa. Alikuwa mfupi, kichwa chake kinanifika kwapani. Kwa miaka miwili alitubebea maji na kutufulia jezi. Ukimuuliza kwa nini hachezi, anacheka na kusema yeye anasaidia tu. Lakini mimi nilimwona siku moja kwenye kamba ya kuanikia. Kila jezi aliipima kifuani kwake kwanza, ndipo akaitundika. Nikapita upande wa pili, nisimtie aibu.

Siku tatu kabla ya kwenda Tabora kwenye michezo ya viwanda, mwenzetu mmoja akashikwa na malaria. Tukabaki tisa, mazoezi hayagawanyiki. Kocha akamwita Milembe asimame tu ili kumi itimie, akampanga anikabe mimi.

"Mleteeni kigoda," alisema Nyanzala, mchezaji mwenzetu, na sote tukacheka. Hata mimi nilicheka, msinihukumu.

Mpira ukarushwa. Nikainua mikono. Milembe hakuutazama hata mpira. Alinigeuzia mgongo, akakunja magoti, akanikalia mapajani na kutanua viwiko. Nikienda kulia, mgongo upo. Nikienda kushoto, upo. Mpira ukagonga chuma, ukashuka mbele yake, akaupokea bila hata kuruka. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tano Nyanzala hakuwa anacheka tena.

Nililalamika kwa kocha kwamba ananisukuma.

"Hakusukumi," alisema Kocha Deusi. "Amewahi mahali akapashika. Hii si pete, mama. Milembe, nani kakufundisha?"

"Bombani," alijibu Milembe.

Ni kweli kota zetu, nyumba za wafanyakazi, zilikuwa na bomba moja, na maji yalitoka kwa muda wa saa moja tu kila asubuhi.

"Warefu wananyoosha ndoo zao juu ya kichwa changu," akaendelea. "Nikishindana nao kwa mikono, narudi na ndoo tupu. Basi mgongo hutangulia, nashika mahali pangu. Mkono hupokea baadaye."

Jioni ile kuruka kukaachwa. Tulifundishwa kutia migongo, tukasukumana na kusongana hadi Nyanzala akauliza kama maji yameshatoka. Na ribaundi zikaanza kuja mikononi mwetu.

Tulipomaliza, kocha akamshika Milembe bega, akamshukuru kwa msaada wake mkubwa. Akamwomba kesho awahi kidogo na maji, kwa sababu jua litakuwa kali. Kisha akafungua daftari lake aandike majina ya wa kwenda Tabora, na ilibaki nafasi moja, ya yule mgonjwa.

Milembe aliitikia vizuri tu. Akainama kuchukua ndoo.

Mimi ndiye niliyekaliwa na mgongo ule jioni nzima, wajukuu zangu. Niliujua uzito wake. Nikamsogelea, nikamwambia taratibu, "Milembe, mgongo hutangulia, mkono hupokea. Wako umetangulia miaka miwili. Mkono uko wapi?"

Aliirudisha ndoo chini. Kocha alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi.

"Kocha," akasema. "Mimi sitaki kusaidia. Nataka kucheza."