Ndoo ya Lusekelo

Usisifu ndoo kabla hujakiona kisima. Mnauliza usemi huu umetoka wapi, nanyi mmeusikia hapa hapa Tukuyu. Ulianza hivi.

Saa kumi na dakika tano, Jumamosi ya mvua, Lusekelo fundi cherehani aliweka sanduku jeupe juu ya meza ya chama cha wasomaji. Ndani mlikuwa na kisomeo, yaani kibao cha kusomea vitabu bila karatasi. Chama kilikihitaji kwa sababu moja: Mzee Ambilikile, mwanzilishi wake, hakuona tena herufi ndogo. Alikuwa amesema wazi kwamba kufikia Jumamosi iliyofuata asipoweza kusoma mwenyewe angeacha kuja, maana hakuwa mtu wa kusomewa kama mtoto.

Katibu, Atupele, aliyesimamia maabara ya sekondari, alikuwa amempa Lusekelo karatasi yenye maswali matatu ya kumuuliza muuzaji kule Mbeya. Kinafungua vitabu kutoka popote? Vitabu vyake vinapatikana wapi? Kwa bei gani? Sasa aliiona karatasi ile ikichungulia kwenye mfuko wa shati la Lusekelo, haijakunjuliwa.

Chama kilikuwa na desturi: kitabu kipya hakikufunguliwa mpaka kila mtu asifu jalada. Wakaanza. Chepesi. Cheusi kinachong'aa. Hakichoshi macho. Bei yake nusu ya vingine, akamalizia Lusekelo, akapigiwa makofi. Zamu ya Atupele ilipofika, alisema, "Kiwasheni."

Wakakiwasha. Atupele akachomeka flashi yenye vitabu arobaini, ambavyo maktaba ya wilaya iliwapa wasomaji bure. Kisomeo hakikufungua hata kimoja. Kilionyesha duka lake la mtandaoni tu. Atupele akalikagua kwa dakika ishirini: hapakuwa na kitabu cha Kiswahili. Vya Kiingereza viliuzwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa bei ya magunia mawili ya mkaa, na malipo yalitaka kadi ya benki ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

"Kaka Lusekelo, uliuliza nini dukani?"

"Bei, dada."

"Bei ya nini?"

"Si ya hiki hapa! Ulitaka niulize bei ya mvua?"

"Nilikuandikia maswali matatu."

"Mwandiko wako, dada Atupele, unahitaji darubini ya maabara yako."

Watu wakacheka. Atupele hakucheka. Alihesabu siku zilizobaki: saba.

Mzee Ambilikile alikigeuzageuza kisomeo kwa vidole. "Lusekelo mwanangu, ndoo umeleta nzuri. Kisima kiko wapi?"

"Ni hilo duka, baba."

"Kina kufuli?"

"Kina kufuli."

"Na ufunguo hatuna." Akakirudisha mezani. "Kumbe robo saa nzima tumekaa watu wazima tukisifu ndoo."

Mzee akachukua mwavuli wake akaondoka kabla ya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumatatu Atupele aliomba ruhusa kazini, akapanda gari la Mbeya, na Lusekelo akafunga cherehani akamfuata bila kuambiwa. Muuzaji alikataa kurudisha fedha kwa sanduku lililofunguliwa. Alikubali kubadilishana. Kwenye kabati la vitu vilivyotumika kulikuwa na kisomeo cha zamani, kina mkwaruzo mgongoni na kona moja imebonyea. Lusekelo alikunja uso, lakini safari hii aliikunjua ile karatasi, akauliza maswali yote matatu kwa sauti. Atupele akachomeka flashi pale pale. Vitabu vyote arobaini vikafunguka. Wakabadilishana.

Jumamosi, saa kumi kamili, Mzee Ambilikile alikuja na mwavuli wake. Mwanachama mmoja alianza, kwa mazoea, "Mimi nasifu rangi ya..."

"Nyamaza!" alisema Lusekelo.

Atupele akaongeza ukubwa wa herufi mara nne, mpaka ukurasa ukabaki na mistari sita. Mzee akausogeza usoni, akausogeza mbali kidogo, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti mpaka mwisho, bila kukosea. Kisha akaufungua wa pili mwenyewe.

Kabla ya kuusoma alimtazama Lusekelo.

"Haya, sasa sifu," akasema. "Usisifu ndoo kabla hujakiona kisima."