Kwaya Iliyopita Barabarani

Wapendwa, palikuwa na baba mmoja aliyebeba nyanya kutoka milimani kuzipeleka mjini. Alikuwa na gari dogo la mizigo, la zamani kidogo, lakini alilitunza kuliko baadhi yetu tunavyotunza ndoa zetu. Mnacheka. Haya chekeni, tutafika mahali kicheko kitakatika chenyewe.

Gari lile lilitoka Japani, na mnazijua redio za magari hayo: namba zake huishia tisini, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Kwa hiyo alipata kituo kimoja tu, kile kidogo cha wilayani kwao, chenye mnara juu ya mlima. Na kitufe cha kutafutia kilikuwa kimeshakufa, namba imeganda palepale. Kila asubuhi akiendesha alisikia matangazo: fulani amefariki, fulani amepotelewa na mbuzi, mtoto wa fulani popote alipo afike nyumbani haraka. Watu wa kule ndivyo wanavyoitana.

Mama yake aliimba kwaya ya kanisani miaka mingi. Krismasi moja baba huyu aliirekodi kwaya hiyo kwenye simu yake, na sauti ya mama ilisikika juu ya zote. Aliipenda sana. Alitaka kuisikia akiwa safarini, lakini simu peke yake haiwezi kushindana na mngurumo wa injini, basi akaenda kwa fundi.

Fundi akamtolea kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude hicho huchukua wimbo ulio kwenye simu, kinaurusha hewani, na redio ya gari inaudaka kana kwamba umetoka kituoni.

"Ila namba ya kidude na namba ya redio lazima zifanane," fundi akamwambia. "Kwa kawaida tunatafuta namba tupu, inayokoroma tu. Yako imeganda kwenye redio ya kwenu. Nikiweka hapo, hutaisikia tena."

"Mnara mkubwa vile utashindwa na kidude hiki?"

"Mnara uko mbali, mzee. Hiki kiko gotini kwako."

Baba akafikiri kidogo. "Weka hapohapo. Redio yenyewe ina nini? Misiba na mbuzi."

Kikawekwa, na kweli kikaimba. Baba wa watu akafurahi mpaka akasahau kudai punguzo. Shida ilikuwa moja tu: simu ikipigwa, wimbo unakatika. Basi kila akishika usukani aliizimia simu mtandao. "Nitawapigia nikifika," alisema, na akifika aliwapigia. Hakuwa mtu mbaya. Naomba mlishike hilo, maana tukimfanya mtu mbaya sote tutatoka hapa salama.

Sasa ikatokea mama yake akaanguka ghafla. Mama huyo aliishi na binti yake mkubwa, katika nyumba iliyo ukingoni mwa barabara hiyohiyo inayopita nyanya. Wakampigia mwanawe, hapatikani. Wakapiga tena, hapatikani. Mama akasema kwa shida, "Mwiteni. Nina neno naye." Binti akafanya kama wanavyofanya watu wa kule, akamtuma mtu kituoni apeleke tangazo.

Saa ya matangazo ilipofika, mwana alikuwa barabarani na shehena yake. Alipoikaribia nyumba ya mama alitupa jicho, akaona mlango umerudishwa. Akajisemea moyoni, jua hili litaziharibu nyanya, nitapita kesho nikirudi. Hapo kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho, pale mama yake anapopandisha sauti. Akaongeza sauti kidogo, akapita.

Mjini simu ilimwishia chaji kwa kuimba njia nzima, hakumpigia mtu. Kesho yake, aliporudi, alikuta turubai limefungwa uani na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Nani kati yetu asiyejua maana ya turubai? Akashuka na kuacha mlango wa gari wazi. Dada yake akaja kumpokea.

"Dada, mbona hamkuniambia?"

"Tulikupigia mpaka tukachoka. Tukakutangaza redioni."

"Redio gani? Jana asubuhi yote nilikuwa kwenye namba hiyohiyo."

Dada yake akamshika mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa baraza.

"Ngoja nikuambie, mdogo wangu. Jana tuliiweka redio kitandani kwa mama, asikie mwenyewe kwamba unaitwa, atulie. Mtangazaji akaanza kusoma. Kabla hajafika kwenye jina lako gari likapita hapo nje, na redio ikageuka, ikaanza kuimba. Ilikuwa kwaya yetu, na sauti ya mama mwenyewe humo ndani. Mama akafumbua macho akasema, 'Ni mwanangu huyo, amefika.' Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikaona vumbi tu. Niliporudi ndani alikuwa anautazama mlango. Aliutazama mpaka jioni, ndipo akatutoka."

Baba yule hakulia hapo. Aliuliza jambo moja. "Neno lenyewe lilikuwa lipi?"

"Alisema ni lako," dada akamjibu. "Sisi hakutuambia."

Wapendwa, niambieni, mtu huyu alikosa nini? Alisikiliza muziki wa ulevini? Hapana, alisikiliza nyimbo za kanisani. Hakumpenda mama yake? Alimpenda, tena alikuwa naye masikioni kila siku. Lakini mama aliyekuwa naye garini ni mama wa Krismasi ile. Mama wa kwenye simu haugui. Ukitaka aimbe anaimba, ukitaka anyamaze ananyamaza, na hana neno lolote la kukusimamisha njiani na nyanya zako. Yule wa kitandani ndiye aliyekuwa anaita, na mwanawe alimfunika kwa sauti yake mwenyewe. Inaniuma kulisema, kwa sababu nawatazama na kujitazama, na sioni tofauti.

Sisi tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza. Tunasema tuko kwenye namba yake, tunahudhuria, tunafunga, tunatoa. Ni kweli tuko kwenye namba yake. Lakini tunachosikiliza hapo ni nini? Ni yale aliyotuambia zamani, mwaka ule tulipookoka, mwaka ule tulipopona, tumeyahifadhi na tunayapiga upya kila asubuhi kwa sababu ni matamu na hayatudai kitu. Mungu wa leo akituita kwa sauti ya mke uliyemnunia, ya baba mzee uliyemwachia dada zako, tunaongeza sauti ya kwaya tunapita. Halafu tukikuta turubai tunauliza, mbona hatukuambiwa?

Wanakwaya, najua zamu yenu imefika na mmejiandaa. Naomba mkae. Tutanyamaza wote, na watoto wakilia waacheni walie. Katika kimya hiki ukijiwa na jina la mtu anayekungoja, usisubiri nimalize ibada. Mlango uko wazi. Inuka umwendee sasa hivi, hakuna atakayekusema.